Weusi Ti! Jicho la Kwanza kwenye OLED ya Matabaka Mawili

Nimezima taa, nimevuta mapazia, nimeweka picha nyeusi tupu kwenye tableti na mwangaza nimeupandisha hadi mwisho wa kipimo. Sasa natafuta kioo kilipo. Sikioni! Najua kipo kwa sababu nimekishika kwa mikono miwili, lakini macho yanakataa. Nikagusa katikati, tarakimu za saa zikatokea nyeupe pe, zikaelea gizani bila fremu, bila kona, bila ule ukungu wa kijivu tuliozoea kuuona kwenye vioo bapa tangu tulipoachana na televisheni za chogo. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Nilichoshika ni iPad Pro ya inchi 13, ile iliyotoka Mei 2024 na chipu ya M4. Habari za chipu waulizeni wengine, mimi sina habari nayo. Sina habari na kamera pia, wala na wembamba wake wa milimita 5.1, ingawa kwa wembamba huo niliogopa hata kuiweka begani mwa kochi. Nimeiazima kwa rafiki yangu wa Sinza anayehariri video za harusi, kwa ajili ya kioo chake cha OLED tu, na nimeipangia wenzake mezani ili haki itendeke: tableti ya kizazi kilichotangulia yenye taa za mini-LED, Galaxy A15 ya dada yangu, simu moja ya bei ya chini yenye LCD, na Kindle ya kusomea vitabu. Vioo vitano, teknolojia nne, meza moja, na mimi niliyekosa usingizi.

Niseme msimamo wangu mapema ili mjue mnasoma maneno ya nani. Naamini kioo kinapimwa kwa namna kinavyozima kabla hujauliza kinawaka vipi. Matangazo yote yanapiga kelele za mwangaza, niti elfu hizi, niti elfu zile, lakini picha nzuri inaanzia kwenye giza lake. Usiponiamini, chukua simu yoyote ya LCD, ingia nayo chooni usiku umeme ukikatika, ufungue picha nyeusi. Chumba chote kinaangazwa na hicho kinachojiita cheusi!

Sababu yake ni maumbile. LCD haiwaki yenyewe. Nyuma yake kuna taa inayowaka muda wote, na mbele ya taa kuna fuwele za kimiminika zinazojigeuza ili kupitisha mwanga au kuuzuia. Ni kama dirisha la mchana lenye mapazia mazito: ufunge utakavyofunga, pembeni patapenya. Fuwele hizo zina historia tamu. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, akiwa Prague, alikuwa akichunguza kitu alichokipata kwenye karoti. Akakipasha moto, kikayeyuka kwenye nyuzi 145 kikawa kimiminika chenye ukungu, akaendelea kupasha, na kwenye nyuzi 178 ukungu ukatoweka kikawa angavu. Kitu kimoja, viwango viwili vya kuyeyuka! Karoti hizo ndizo mababu wa kikokotoo chako, saa yako ya tarakimu, na televisheni bapa iliyo sebuleni.

Na LCD ni mfujaji, mtanisamehe. Mwanga ukitoka kwenye taa ya nyuma unakutana na kichujio cha kwanza kinachokula takribani nusu yake. Halafu kuna vichujio vya rangi, kila kimoja kikiruhusu rangi yake na kuzuia nyingine mbili. Kinachofika machoni pako ni masalia. Betri inalipia karamu nzima, wewe unapewa makombo. Hata hivyo simu ile ya bei ya chini ilionyesha ujumbe vizuri tu, rangi zake hazikuwa za aibu, na mtu anayetaka simu ya kupigia, WhatsApp na kutuma pesa hana sababu ya kulia. LCD haijafa. Ni rahisi, inadumu, na haiachi alama ya picha iliyokaa sana. Tuendelee, maana moyo wangu uko kwingine.

Mini-LED ilikuwa jaribio la kuiokoa LCD, na kwa miaka mitatu niliamini imefaulu. Badala ya taa moja kubwa, iPad Pro ya inchi 12.9 ya mwaka 2021 iliwekewa taa ndogo zaidi ya 10,000 nyuma ya kioo, zikagawanywa katika kanda 2,596 zinazoweza kuzimwa kila moja peke yake. Akili kubwa! Lakini piga hesabu. Kioo hicho kina pikseli zaidi ya milioni 5.5. Gawanya kwa kanda zile, utaona kila kanda inatawala pikseli zaidi ya 2,000. Pikseli moja tu ikitaka kuwaka, majirani zake wote wanaamshwa.

Nilifungua picha niliyopiga Forodhani, Unguja, usiku. Mnapajua: meza za pweza na mishkaki, balbu zinaning'inia juu ya kila meza, moshi, na nyuma yake bahari iliyo giza totoro. Kwenye mini-LED kila balbu ilikuwa na duara la ukungu kuizunguka, na bahari iliyo jirani na balbu ilikuwa ya kijivu huku bahari ya mbali ikiwa nyeusi. Bahari moja, rangi mbili. Halafu nikafungua picha ileile kwenye OLED.

Jamani! Balbu ilikoma palepale ilipokoma. Waya wa balbu ulionekana. Pembeni ya waya, weusi ti. Na ndani ya weusi ule nikaona kitu ambacho sikujua kimo kwenye picha yangu mwenyewe: ubavu wa jahazi, mstari mwembamba wa mbao uliopata tone la mwanga kutoka ufukweni. Picha ipo kwenye simu yangu siku zote hizi na jahazi lilikuwa limejificha ndani ya kijivu. Nilimwita dada. Akatazama, akauliza, "Kaka, sasa hilo jahazi umeliongeza wewe?"

Sijaongeza kitu. OLED haina taa ya nyuma kabisa. Kila pikseli ni taa yake yenyewe, tabaka jembamba la kemikali za kaboni zinazotoa mwanga umeme ukipita, na umeme usipopita pikseli inakuwa imezimwa, basi. Msingi wake uliwekwa na Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak walipochapisha kazi yao mwaka 1987. Ndiyo, Kodak wa filamu za kamera! Miaka 20 baadaye Sony ilitoa televisheni ya kwanza ya OLED madukani, XEL-1, yenye inchi 11 tu na kioo cha unene wa milimita 3. Mwaka 2010 Galaxy S ikaiweka kwenye viganja vya watu, na leo simu nyingi za bei ya kati zinatembea nayo.

Sasa mtaniuliza: kama OLED tunayo tangu zamani, kelele hizi zote za nini? Kelele ni za matabaka mawili. OLED ya kawaida ina udhaifu unaowanyima wahandisi usingizi. Ukitaka iwake zaidi inabidi uipe umeme zaidi, na kadiri unavyoipa umeme ndivyo inavyochakaa. Mbaya wao ni pikseli ya bluu. Nyekundu na kijani zimepata kemikali hodari, lakini bluu inahitaji nguvu nyingi kwa mwanga kidogo na inazeeka mapema kuliko wenzake. Ndiyo maana televisheni inayowekewa stesheni moja mwaka mzima hotelini inaweza kubaki na nembo ya stesheni hiyo hata ukibadilisha chaneli. Na ndiyo maana vioo vikubwa vya OLED, ukifungua ukurasa mweupe wote, hupunguza mwangaza ghafla ili visijiumize.

Dawa ni kujenga ghorofa. Unaweka tabaka la mwanga, juu yake unaweka tabaka jingine la mwanga, na katikati unaweka tabaka jembamba mno la kuzalisha chaji. Umeme uleule uliowasha la chini unawasha na la juu. Msukumo wa volti unaongezeka, sawa, lakini kwa mwangaza uleule kila tabaka linabeba takribani nusu ya mzigo, na kemikali zinazobeba nusu ya mzigo zinaishi zaidi ya mara mbili. LG Display imekuwa ikiuza vioo vya aina hii kwa watengenezaji wa magari tangu 2019, kwa kuwa dashibodi inakaa juani miaka kumi na haina mahali pa kukimbilia. Kuihamisha kutoka dashibodi hadi kwenye kitu cha kubeba mkobani kumechukua miaka mitano.

Matokeo yake ni niti 1,000 kioo kizima, na 1,600 kwenye vipande vidogo vya picha za HDR. Tafadhali shikilieni maneno hayo mawili, kioo kizima, kwa sababu hapo ndipo matangazo yanapocheza na akili zetu. Galaxy S24 Ultra inatangazwa kwa niti 2,600, na ni kioo kizuri ajabu, mojawapo ya vinavyopambana vizuri zaidi na mwako wa jua. Lakini namba kama hiyo ni ya kilele. Kilele kinafikiwa na kipande cha kioo kwa muda mfupi na chini ya masharti. Ukisoma kwenye boksi namba kubwa ya niti, muulize muuzaji: ni ya eneo gani? Akikutazama tu, umeshapata jibu.

Nyeupe ya tableti hii ni nyeupe ya kutisha. Nilifungua ukurasa mtupu wa kuandikia na haikunywea. Haikufifia, haikuomba huruma. Niliacha ukurasa ule umewaka nikaenda kuchemsha chai, nikarudi, bado unanitazama.

Nikapata kiburi. Nikatoka nayo nje, saa saba mchana, jua la Dar es Salaam likiwa halina hata wingu la kuliomba radhi. Na Kindle nayo nikaibeba, kwa kuikejeli kwanza.

Kindle ikashinda! Ilishinda kwa mbali, bila kutoa jasho, na hesabu yake ni nzuri kiasi kwamba sikuweza hata kukasirika. Jua la utosini linamwaga takribani laksi 100,000 juu ya kila kitu. Karatasi nyeupe chini ya jua hilo inarudisha mwanga unaokaribia niti 25,000. Elfu ishirini na tano! Hicho ndicho kiwango macho yako yanachokiona kuwa nyeupe ukiwa nje, na mimi nimekuja na niti zangu elfu moja mkononi kwa mbwembwe. Kindle haiwaki, inarudisha. Ndani ya kioo chake mna vijidonge vidogo mno vyenye chembe nyeupe na chembe nyeusi, zenye chaji zinazopingana. Umeme unazipandisha hizi na kuzishusha zile, kisha unaondoka, na ukurasa unabaki vilevile hata betri ikitolewa. Teknolojia hiyo ilizaliwa MIT, na kampuni ya E Ink ikaanzishwa mwaka 1997. Nyeupe yake haifikii karatasi, inarudisha chini ya nusu ya mwanga, lakini chini ya jua lile hata nusu ni zaidi ya niti 10,000. Nani atashindana na hilo kwa betri?

Ndani, hata hivyo, nyeusi yake ni ya masizi yaliyofifia, ukigeuza ukurasa inapepesa kama mtu aliyeingiwa na mchanga machoni, na video usithubutu. Zipo sasa za rangi. Zimetulia kama gazeti lililoachwa dirishani. Kwa mtu anayesoma riwaya kibarazani, bado ni kifaa changu namba moja.

Turudi kivulini, maana kivulini ndiko tunakoishi. Chini ya mwembe, OLED ile ilirudi kuwa mfalme, kila herufi wazi, wakati mini-LED nayo ilijitetea vizuri tu. Simu ya LCD ilibidi niifunike kwa kiganja.

Mpira sasa. Nilitazama marudio ya Simba na Yanga, na mimi ni Mwananchi, lakini nitasema ukweli wangu: nyekundu ile ya jezi za wapinzani ilikuwa nyekundu hasa, nyekundu yenye kina, na mikunjo ya kitambaa ilihesabika. Kwenye LCD jezi hizo zilikuwa kitu kimoja cha rangi ya nyanya. Na kwenye OLED mpira ukipigwa mbali hauachi mkia nyuma yake. Fuwele za LCD zinahitaji milisekunde kadhaa kujigeuza, wakati pikseli ya OLED inawaka na kuzima kwa muda mdogo kuliko sehemu ya kumi ya milisekunde moja. Mtaniambia ni zile hezi 120 za kioo hiki. Hapana, matangazo ya mpira hayatumwi kwa picha 120 kwa sekunde. Hezi 120 utazifaidi ukisogeza kurasa kwa kidole, na huko, ndugu zangu, maandishi yanateleza kama yamepakwa mafuta ya nazi na bado unayasoma yakiwa mbioni.

Kuna la kulalamikia? Lipo. Vioo vingi vya OLED hupunguza mwangaza kwa kuwaka na kuzima mara mamia kwa sekunde, na kuna watu vichwa vinawauma kwa ajili hiyo. Mimi sijambo, ila kama wewe taa za mirija hukuchosha macho, kaa na kioo usiku kabla hujatoa pesa. Toleo lenye kioo kilichochongwa kuua mwako linapatikana tu kwenye tableti za hifadhi ya TB 1 na TB 2, yaani utalipia nafasi usiyoihitaji ili upate kioo unachokihitaji. Na bei! Marekani ilianzia dola 1,299. Kwa pesa hiyo huku kwetu unanunua bodaboda inayokuingizia chochote kila jioni.

Ndiyo sababu macho yangu yalikuwa yakirudi kwa Galaxy A15 ya dada.

Hii hapa ndiyo habari kubwa kwa sisi tulio wengi. A14 iliyoitangulia ilikuwa na LCD. A15, iliyotoka Desemba 2023, ikapewa Super AMOLED ya inchi 6.5 na hezi 90, katika daraja lilelile la simu za watu wa kawaida. Nikaiweka gizani pembeni ya ile ya dola elfu na ushee. Bahari ya Forodhani, nyeusi! Balbu, safi! Jahazi lilikuwepo, nikikaza macho. Mwangaza hauwezani na ule wa matabaka mawili, wala kina cha rangi, lakini tabia ni ileile, kuzima kabisa. Dada aliposikia nasifia simu yake aliinyakua haraka.

Na simu kama hiyo unaweza kuipunguzia njaa ya betri bure. Washa mandhari nyeusi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 2021 walionyesha kwamba kwa mwangaza wa asilimia 100, kubadili kutoka mandhari nyeupe kwenda nyeusi kwenye OLED kuliokoa wastani wa asilimia 39 hadi 47 ya nguvu ya betri. Kwa mwangaza wa asilimia 30 hadi 50 faida ilishuka hadi asilimia 3 hadi 9. Kwa hiyo ukiwa kitandani usitarajie muujiza. Ukiwa kituo cha daladala juani, hapo ndipo weusi unakulipa. Kwenye LCD hupati kitu, taa ya nyuma inawaka vilevile.

Ila OLED ikidondoka inauma. Nilipita Kariakoo kwa fundi ninayemwamini, nikamuuliza bei ya kioo cha simu moja ya OLED.

"Mkuu, unataka OG au kopi?"

Tofauti ya bei ilinifanya nikae kwenye kiti cha wateja. Kopi nyingi za bei rahisi ni LCD zilizokatwa kutoshea mahali pa OLED. Simu inawaka, tachi inafanya kazi, mteja anaondoka anatabasamu. Usiku ndipo anagundua kuwa nyeusi imekuwa kijivu, betri inaisha mapema, na kama simu ilikuwa na kisomaji cha alama za vidole cha macho kilicho chini ya kioo, kidole hakisomi tena, kwa sababu kisomaji kile kilitegemea mwanga wa pikseli zenyewe kumulika kidole na kuona kupitia katikati yake. Fundi wangu anawaambia wateja hivyo kabla hajafungua skrubu. Wako wasiosema. Ukiletewa simu, fungua picha nyeusi papo hapo, ziba mwanga kwa mkono, uchungulie.

Televisheni nazo zimeshadandia ghorofa hili. Januari 2025 LG Display ilionyesha paneli ya matabaka manne inayofikia niti 4,000 za kilele. Samsung wanasukuma nukta za kwanta, zile zilizowapa Bawendi, Brus na Yekimov Nobeli ya kemia mwaka 2023, wakizichanganya na OLED ya bluu ili kupata nyekundu na kijani zisizohitaji kichujio. Hizo nimeziona dukani tu, chini ya taa kali za muuzaji, na kioo chini ya taa za muuzaji hakihukumiwi.

Ninachokisubiri kwa hamu ni ile bluu. Mei 2025 LG Display walitangaza kwamba wamefikisha bluu ya fosforesi katika kiwango cha kuzalishwa kibiashara. Walifanya hivyo kwa ghorofa hilihili la matabaka mawili: chini wameweka bluu ya kawaida inayodumu, juu wameweka bluu mpya isiyofuja umeme, na matumizi ya umeme yakapungua kwa takribani asilimia 15. Mnaelewa maana yake? Yule mgonjwa wa familia, aliyewashinda wahandisi kwa zaidi ya miaka 20, amesimama! Ikishuka hadi kwenye simu za daraja la A15, na nikisikia boksi la kwanza limefika Kariakoo, msinitafute nyumbani.